Bi Kibibi Kaenda Makka na Simu Yangu

Jumapili, 3 Agosti

Ni rasmi. Bi Kibibi anaenda Umra. Basi la Mombasa ni Alhamisi, ndege ni Ijumaa, kisha siku kumi na mbili, Madina kwanza halafu Makka. Ametangaza leo mbele ya watu wa nyumba yake hapa Garsen, nami nikiwepo, kwa sababu nilikuwa nimejipitisha kurekebisha redio ambayo haikuwa mbovu.

Habari yenyewe kubwa ni hii. Posa za mjukuu wake Najla zimefika mbili, yangu na ya Mahmud. Bi Kibibi amesema hajibu sasa. Ataswali istikhara, swala ya kumwomba Mungu amwongoze, huko huko, akirudi atatoa jibu moja, na jibu hilo halina rufaa. Mumewe, Mzee Gunga, ambaye miguu imemkatalia tangu yale mafuriko makubwa, alitikisa kichwa tu akaendelea na kahawa yake. Nyumba ile usukani anao bibi.

Basi nina wiki mbili na ushei za kumfanya bibi anipende. Mahmud naye anazo hizo hizo. Mahmud ana duka la magodoro na masanduku. Mimi nina kibanda cha kutengeneza simu ambacho nikiingia mimi, mteja anabaki nje.

Jumatatu, 4 Agosti

Mahmud amempelekea bibi sanduku la safari. Rangi ya zambarau, magurudumu manne! Magurudumu yalizama mchangani hatua tatu kutoka mlangoni, ikabidi libebwe kichwani. Nilifurahi kuliko inavyofaa.

Lakini bibi kalipenda. Lazima nijibu.

Wazo limenijia kwenye chai ya saa nne. Bibi haogopi ndege. Anachoogopa ni kumwacha Mzee Gunga. Miaka hamsini na moja ya ndoa hawajatengana zaidi ya siku tatu, na wanataka waonane uso kwa uso kila jioni. Mahmud amemwambia anunue laini uwanja wa ndege wa Jidda. Foleni, pasipoti, Kiarabu, alama za vidole! Vidole vya Bi Kibibi vimelima miaka sitini. Alipokwenda kutafuta pasipoti, mashine ilivitazama mara tano isione kitu, kana kwamba kaweka kijiko.

Mimi nitampa laini ya kidijitali. Haina kadi. Unainunua mtandaoni ukiwa hapa hapa Garsen, unaletewa picha ya mraba yenye vidoadoa, unaipiga skani, na laini inakaa ndani ya simu yenyewe. Ukishuka Jidda data inaamka. Hakuna foleni wala kidole.

Nikampitia Najla kazini kwake, duka la mbegu na dawa za mifugo, nikamweleza. Akauliza kama nimewahi kuitumia mwenyewe nikisafiri. Nikamwambia mara nyingi. Mbali kabisa nilikowahi kufika ni Malindi.

Akanitazama kidogo, akasema jambo ambalo sikulipenda. Kwamba bibi yake akikubali mtu mwongo, yeye atakataa, na ndivyo alivyokwisha mwambia bibi. Nikamwambia hata mimi siwapendi waongo.

Jumanne, 5 Agosti

Tatizo dogo. Laini hii haiingii kila simu. Bibi ana kabambe, ile ya kupiga na kupokea basi. Simu ya Najla haikubali. Nimejaribu zote za wateja zilizomo kibandani, kumi na tisa, hakuna hata moja. Simu ninayoijua Garsen hii inayokubali ni moja tu. Yangu. Mtumba wa Mombasa, kioo hakina mkwaruzo, nalala nayo chini ya mto.

Nikaitoa mfukoni, nikafuta kioo chake kwa shati. Kisha nikaona faida.

Nikimpa bibi simu yangu na kuitoa kadi yangu ya kawaida, wasapu itabaki ileile, kwa jina langu na picha yangu ile ya koti. Yaani kila jioni, kwa siku kumi na mbili, simu ya nyumba ile italia na uso utakaotokea utakuwa wangu! UBEID ANAPIGA. Kutoka Makka! Sanduku la Mahmud wakati huo litakuwa uvunguni mwa kitanda cha hoteli.

Nilimtumia Silas ujumbe wa sauti kumweleza. Silas ni rafiki yangu, analima Idsowe, ndiye mshauri wangu wa mambo ya Najla ingawa ushauri wake huwa siufuati. Nimemtumia jumbe saba.

Jumatano, 6 Agosti

Kazi imefanyika. Bibi alikuja kibandani akaketi mlangoni kwenye kiti cha mteja huku mimi nikitafuta bisibisi katika kila droo. Laini nimenunua, nimeipiga skani, imeingia. Picha ile ya vidoadoa inafanya kazi mara moja tu. Ikishaingia simu hii haihami tena, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma. Kadi yangu nimeitia katika kabambe ya bibi, ambayo nitakaa nayo hadi arudi. Ina redio na tochi.

Pia nimeunganisha wasapu yangu na simu ya Najla, ili picha za bibi zifike nyumbani moja kwa moja. Akaunti moja, simu mbili. Najla alistaajabu. Nikamwambia teknolojia ni bahari.

Bibi hasomi, kwa hiyo nikamfundisha kwa rangi. Kijani, kisha uso wa mtu, kisha bonyeza kipaza sauti useme. Ukitaka kusikia, bonyeza kishale. Anashika upesi. Hasomi lakini anasikiliza vizuri sana.

Alipomaliza akaniomba radhi, kama afanyavyo kila anayekwenda kule. Alikuwa ameshapita nyumba zote za mtaa. Akasema kama amewahi kunikosea nimsamehe. Nikamwambia hajawahi. Akaendelea kukaa. Nikamuuliza kama anataka maji. Akasema hapana, anangoja tu, huenda nami nina la kuomba radhi. Nikafikiri vizuri. Sikukumbuka kitu.

Ijumaa, 8 Agosti

Bibi ametua Jidda alasiri. Kimya.

Magharibi nyumba imejaa. Mzee Gunga ameshika simu ya Najla kwa mikono miwili juu ya goti. Kimya. Mahmud amekula mahamri matano akasema labda data imeshikwa na forodha. Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, kwa adabu.

Nilipoulizwa nikaeleza kwamba kuna mawingu mazito juu ya Bahari ya Shamu. Kisha nikatoka nje na hapo hapo nikakumbuka. Kuna kitufe cha kuruhusu data ugenini. Kisipowashwa, laini inakaa humo kama mgeni asiyekaribishwa. Sikukiwasha.

Mzee hakula usiku.

Jumamosi, 9 Agosti

Imefanya! Bibi analala chumba kimoja na binti wa Hola aitwaye Abdia, msichana mwenye akili, ambaye aliiunganisha simu na waifai ya hoteli ikapata uhai. Nikampigia kwa simu ya Najla nikamwelekeza. Mipangilio, laini, data ugenini, washa. Akawasha. Kuanzia hapo bibi ana data njiani, msikitini, kila mahali.

Jioni wakaonana. Mzee Gunga alimtazama mkewe kwa muda mrefu, kisha akamuuliza kama amekula. Bibi akasema amekula, wali wao hauna nazi. Akamuuliza naye kama amemeza dawa. Basi, hayo tu. Nikaangalia dari.

Ningeishia hapo ingekuwa siku njema. Lakini bibi akasema kwa sauti, mbele ya Mahmud, kwamba ameambiwa kulikuwa na mawingu. Hakukuwa na mawingu. Abdia amemwambia ni kitufe.

Jumapili, 10 Agosti

Asenath amekuja kutoka Tarasaa kwa miguu yake kunitukana. Simu yake aliniletea Juni kioo kimepasuka. Nilimwambia nimeipeleka Mombasa kwa fundi mkubwa. Jana akanitumia ujumbe wa sauti kuuliza imefika wapi. Ujumbe haukuja kwangu, ulikwenda Madina.

Na Madina ikajibu. Asenath alinichezea jibu hilo hapo kibandani, mara mbili, sauti juu:

“Mwanangu, mimi ni Kibibi, Ubeid kanipa simu yake. Simu yako haiko Mombasa. Iko droo ya pili, chini ya gazeti, niliiona Jumatano. Haina betri. Nisamehe kwa kuingilia, ila niko mji wa Mtume na siwezi kusema uongo.”

Asenath alifungua droo ya pili mwenyewe.

Betri yake nilikuwa nimeiazima kwa muda. Ningeirudisha.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimempigia bibi kwa simu ya Najla nikamwomba kwa heshima zote asijisumbue kujibu watu wangu, apumzike, afanye ibada. Akasema mtu akisalimu lazima aitikiwe. Akasema watu wangu ni wengi na wana shida nyingi, na nyingi zinafanana.

Saa nane basi la Hola limeniletea mzigo. Jembe! Limetoka kwa Mama, Kinakomba. Mwezi mzima nimemwambia siwezi kuja kupalilia kwa sababu niko kwenye mafunzo ya serikali. Kondakta kanieleza yote: leo asubuhi Mama aliuliza mafunzo yanaendeleaje. Bibi akamjibu kwamba hajui habari za mafunzo, ila asubuhi zote huwa ananiona kibandani nikinywa chai na kutazama mpira wa jana.

Mama hakuandika neno. Jembe lenyewe ndilo barua.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeangamia.

Silas amekuja kwa pikipiki kutoka Idsowe, hajasalimu. Akasema, “Buda, yule bibi amesikia zetu zote.” Bibi alikuwa akimtafuta Mzee akabonyeza uso wa Silas. Ujumbe wa sauti ukiisha, unaofuata unajicheza wenyewe. Alizisikiliza hadi mwisho, kisha akamtumia Silas salamu na kumuuliza mahindi ya Idsowe yanaendeleaje.

Najua nilichosema humo. Nilisema redio haikuwa mbovu. Nilisema Bi Kibibi ndiye kufuli na Najla ndiye nyumba, na kufuli halipigwi nyundo, linatiwa mafuta, na simu yangu ndiyo mafuta. Nilicheka pia. Kicheko kirefu.

Nikakaa nikawaza kama mwanamume. Kadi ya namba yangu ninayo mimi, kwenye kabambe. Nikiifungua wasapu yangu katika simu nyingine, italeta namba sita kwa ujumbe wa kawaida. Nikizijaza, kule Madina inajifunga papo hapo. Bibi hatasikia wala hatajibu tena. Nitasema ni mawingu.

Nikaazima simu ya Silas. Namba sita zikaja. Nikajaza tano.

Ilikuwa inakaribia Magharibi, na kutoka kibandani naona uwanja wa nyumba yao. Mzee Gunga alikuwa ameshatolewa nje. Kanzu safi. Najla alikuwa anampaka mafuta usoni, kwa sababu anasema kwenye simu anaonekana mkavu na bibi atafikiri haangaliwi. Simu ilikuwa gotini, na muda wenyewe bado nusu saa.

Nikafuta zile tano. Nikamrudishia Silas simu yake.

Sijui kwa nini. Ni jambo la kijinga kuliko yote niliyofanya mwezi huu, na baya zaidi ni kwamba siwezi kujisifu nalo kwa mtu yeyote, kwa sababu itabidi nieleze namba sita zilikuwa za nini.

Ijumaa, 15 Agosti

Bibi yuko Makka. Leo amepiga akiwa dirishani mwa hoteli, minara ikionekana nyuma yake, akawataja mmoja mmoja wote aliowaombea. Miguu ya Mzee. Kazi ya Najla. Duka la Mahmud. Mahmud akalia wazi wazi, leso nzima. Hata mbuzi wa jirani ameombewa.

Nilipoona sitajwi nikasogea mbele ya simu. Akasema yangu ameiomba kwanza kabisa, kabla ya zote, na kwa muda mrefu. Kisha akakata.

Naona dalili njema.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimerudisha betri ya Asenath. Si kwa sababu ya mtu yeyote. Ilikuwa inaanza kuvimba.

Mahmud alikuja kibandani kununua chaja. Akasema yeye naye amesikia habari za kufuli, mtaa mzima umesikia, na kwamba akishinda nisione vibaya. Mtu mwungwana. Inaudhi sana kushindana na mtu mwungwana. Nikamuuzia chaja.

Alhamisi, 21 Agosti

Amerudi. Kakonda kidogo, kang'ara. Sanduku la zambarau limerudi na magurudumu mawili na kamba. Amenirudishia simu yangu katika soksi mpya, haina hata mkwaruzo. Nikamrudishia kabambe yake. Akasema jibu ni kesho baada ya swala.

Sikumuuliza kitu. Nilinusa tu simu yangu. Inanukia udi.

Ijumaa, 22 Agosti

Jibu limetoka.

Watu walikuja kumpa pole ya safari. Kila mmoja tende tatu na maji ya zamzam kikombe cha kahawa. Walipopungua, bibi akatuketisha mkekani mimi na Mahmud, Mzee Gunga kitini, Najla mlangoni.

Akamwambia Mahmud kwamba yeye ni mtu mkweli na sanduku lilimfaa sana hadi lilipovunjika, ila Najla hamtaki, na mtu mkweli anastahili kuambiwa ukweli. Mahmud akainamisha kichwa, akashukuru, akaondoka. Akasahau kofia.

Kisha akanigeukia. Nikaanza kueleza habari ya kufuli, kwamba kwa Kipokomo cha juu, lugha ya kwetu, kufuli ni heshima. Akanyanyua kidole, nikanyamaza. Maneno yake nayaandika yalivyo.

“Niliswali istikhara, sikuota kitu. Ila siku moja simu iliandika kwamba kuna mtu ameomba namba za kuifunga. Abdia akanisomea. Nikajua ni wewe, maana nilikuwa nimetoka kukusikia unacheka. Nikangoja ifungwe. Adhana ikapita, nikampigia mume wangu, nikamwona amepakwa mafuta. Ubeid, kwa nini hukuifunga?”

Nikaokota kofia ya Mahmud, nikaikunja. Nikasema nilimwona Mzee amevaa kanzu.

Bibi akamtazama Mzee Gunga. Mzee akasema, “Mpe mwezi.”

Ndilo jibu. Mwezi mmoja bila uongo, hata wa mawingu. Simu ya Asenath ipate kioo. Shamba la Mama lipaliliwe lote, kwa mikono yangu. Mwezi ukiisha salama, posa imepokewa. Nikamtazama Najla. Akasema yeye hana neno, ila mwezi utakuwa wa siku thelathini na moja.

Nilikwenda nyumbani nikitembea kama nina magurudumu manne na barabara ni lami. Mimi ni mtu mpya. Naapa katika daftari hili.

Jumapili, 24 Agosti

Nimefikiri kuhusu shamba la Mama. Ni kubwa. Tangu nilipoliacha magugu yamefika kifuani, na upande wa mtoni kuna kiboko. Kupalilia si tatizo. Tatizo ni kupalilia mimi.

Sasa, Silas amemaliza kupalilia shamba lake Idsowe juzi. Linang'aa. Mahindi ni mahindi. Nikisimama humo na jembe la Mama, shati limelowa maji, Silas akanipiga picha kumi na mbili katika mashati matatu, nitakuwa nimepalilia wiki nzima. Huo si uongo. Sitasema neno lolote. Picha ndiyo itakayosema.

Nimemtumia Silas jumbe tatu za sauti kumweleza, pamoja na rangi za mashati.

Bado anazisikiliza, kwa sababu hajajibu. Aliyejibu ni Najla. Ameandika: “Ubeid, akaunti yako iko kwenye simu yangu tangu ile siku ya skani. Nasikia yote, na ya kufuli nilisikia kabla ya bibi. Gari la Kinakomba linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mwezi unaanza upya kesho. Usisahau jembe.”

Nikalitazama jembe kule pembeni.

Lakini sikukata tamaa, hiyo si tabia yangu. Nimemjibu kwamba nilikuwa namtania Silas. Lile unganisho la simu yake nitaliondoa kesho nikipata nafasi. Kisha, kwa kuwa muda ni mfupi, nimemtumia Silas ujumbe mwingine wa sauti upesi kumwambia mpango umebadilika, kesho nitaamka na homa, aje na dawa mapema, na chonde chonde Najla asijue.